Ngeli ya Chumba Namba Nne

Ipo nchi, wala haiko mbali, ambayo jina lake nimeombwa nisilitaje. Na kwa kuwa ombi lenyewe lilikuja limepigwa mhuri mara mbili, nimelikubali. Ni nchi inayopenda utaratibu. Barabara zake zina mashimo, lakini kila shimo lina namba yake. Hospitali zake hazina dawa, lakini orodha ya dawa zisizokuwepo huandikwa upya kila Ijumaa kwa mwandiko safi, na kubandikwa mahali ambapo mgonjwa anaweza kuisoma akiwa amelala. Katiba yake imejalidiwa kwa ngozi ya kijani, na siku ya kuapishwa kwa viongozi, Katiba hiyo hubebwa juu ya mto wa hariri na askari wanne wenye kimo kilicho sawa.

Ibara ya arobaini na moja ya Katiba hiyo inasema: "Kila mtu ana haki ya kuheshimiwa utu wake, hata akiwa kifungoni." Ni sentensi iliyojengwa vizuri. Kiima kipo, kiarifu kipo, na koma imekaa mahali pake. Namwomba msomaji aitazame kwa utulivu, kwa sababu shauri zima ninalokusudia kulieleza liliangukia juu ya neno la pili la sentensi hiyo.

Nchi hiyo haina magereza. Yalifutwa miaka tisa iliyopita kwa tangazo la serikali, na siku iyo hiyo majengo yale yale, yakiwa na kuta zile zile na watu wale wale ndani yake, yakaanza kuitwa Nyumba za Tafakuri. Askari wakawa Walezi. Marungu yalibaki na jina lake la zamani, kwani kamati ya majina ilipofika kwenye kipengele hicho ilikuwa imekwisha kuchoka.

Katika Nyumba ya Tafakuri ya Utulivu kilikuwamo chumba namba nne. Juu ya mlango wake palikuwa na kibao chenye maandishi meupe: WATU 30. Ndani walikuwamo mia mbili na kumi na wanne. Walilala kwa zamu tatu, ubavu kwa ubavu, na aliyetaka kugeuka alilazimika kumwomba nyapara, yaani mfungwa aliyewasimamia wenzake, ili atoe amri ya safu nzima kugeuka pamoja. Nyapara huyo aliitwa Sokolo. Alikuwa na sauti nzito na subira nyingi, na inasemekana katika miaka sita hakuwahi kugeuza safu kwa upendeleo.

Chumba hicho kilipata kuwa na dirisha. Mkaguzi mmoja alikitembelea akaandika katika taarifa yake kwamba dirisha la chumba namba nne limevunjika, na kwamba kasoro hiyo iondolewe haraka. Iliondolewa. Waliletwa mafundi, wakaliziba dirisha kwa matofali, wakapiga lipu na kupaka chokaa, na taarifa iliyofuata ikathibitisha kwa fahari kwamba hakuna tena dirisha lililovunjika katika Nyumba nzima ya Utulivu.

*

Miongoni mwa wale mia mbili na kumi na wanne alikuwamo fundi wa redio, Hemedi Mshangama. Alishtakiwa kwa kumiliki antena yenye urefu wa kutia shaka. Antena hiyo, iliyokuwa kielelezo pekee cha upande wa mashtaka, ilipotea katika ghala la vielelezo. Sheria ya nchi ile i wazi: mshtakiwa hawezi kuhukumiwa bila kielelezo, na hawezi kuachiwa bila hukumu. Kwa hiyo Hemedi alikaa mahabusu miaka mitatu akiisubiri antena yake ionekane.

Hemedi alikuwa na pumu. Alipoingia alikuwa na kikopo chake kidogo cha dawa ya kuvuta. Kilichukuliwa mlangoni, kwa kuwa kanuni ya Nyumba inakataza vyombo vyenye hewa iliyogandamizwa, na akapewa stakabadhi. Kila kifua kilipombana, alikuwa na haki ya kuisoma stakabadhi hiyo.

Dada yake, Tunu, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alimtembelea kila Alhamisi. Wageni husimama nyuma ya waya mmoja, mahabusu nyuma ya waya wa pili, na katikati ya waya hizo mbili hupita Mlezi akitazama saa, kwani mazungumzo ni dakika tano. Alhamisi moja Tunu aliona mabega ya kaka yake yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia, ilhali alikuwa amesimama.

"Kaka, humo ndani unapumuaje?" alimwuliza.

"Kwa zamu," Hemedi akajibu.

Akamweleza kwa maneno matatu matatu, akipumzika kila baada ya la tatu. Chini ya mlango wa chumba namba nne palikuwa na upenyo wa vidole viwili. Sokolo alikuwa amepanga zamu ya kulala pua ikiwa kwenye upenyo huo, kila mmoja kwa muda wa kuhesabu mpaka mia mbili. Wenzake walipoona hali yake, baadhi yao walianza kumpa zamu zao. Hakuwaomba. Lakini mvua ilikuwa imeanza, chumba kimejaa unyevu, na waliokuwa wakimpa zamu nao walikuwa wameanza kukohoa.

Tunu aliporudi nyumbani hakushona. Alikata karatasi mbili kutoka katika daftari lake la vipimo, akaandika maombi kwenda Mahakama ya Usimamizi wa Haki, ambayo kazi yake ni kuangalia kama Katiba inaheshimiwa mahali kama pale. Hakuomba kaka yake aachiwe. Hakuomba fidia, godoro wala chakula. Aliomba kitu kimoja: dirisha.

*

Shauri lilipangwa kwa Jaji Ndyanabo. Alikuwa mtu mwema, nalisema hili bila kejeli. Alisoma kila karatasi iliyowekwa mbele yake, pamoja na nyuma yake, kwa hofu kwamba huenda haki iliandikwa upande huo. Baada ya wiki tatu alitoa amri iliyopigwa chapa vizuri: "Kila mtu aliyemo ndani ya chumba namba nne apatiwe hewa ya kutosha katika muda wa siku kumi na nne."

Tunu alichukua nakala ya amri hiyo, akaipeleka mwenyewe langoni. Alhamisi ile alimwambia Hemedi, kupitia waya mbili, kwamba zimebaki siku kumi na nne tu. Hemedi alicheka kidogo, akakohoa sana, akamwambia dada yake asimchekeshe.

Siku ya kumi na nne, Mkuu wa Nyumba ya Utulivu, Afande Kilongola, aliwasilisha hati ya kiapo. Alieleza kwamba amri ya Mahakama Tukufu imetekelezwa kwa ukamilifu. Upekuzi makini umefanywa ndani ya chumba namba nne ili kuwabaini watu wote waliomo, na amepatikana mtu mmoja, ambaye ni Mlezi wa zamu. Kiti chake kina miguu miwili ndani ya mlango na miwili nje. Mlezi huyo amepatiwa feni.

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma hati upya. Kisha akauliza, kwa upole, kuhusu wale wengine mia mbili na kumi na wanne.

Hapo aliinuka Wakili wa Serikali, Bwana Mtengeti, mtu mrefu aliyezoea kuzungumza huku ameshika ukosi wa joho lake kana kwamba linaweza kumtoroka. Aliomba ruhusa ya kuwasilisha Daftari la Hesabu.

Ni lazima nieleze desturi ya hesabu. Kila asubuhi, katika Nyumba zote za nchi ile, waliomo huchuchumaa uani safu tano tano, na Mlezi hupita akiwagusa utosini kwa kijiti, akihesabu vichwa. Akimaliza husimama wima na kumtangazia mkubwa wake: vichwa kadhaa, afande. Karani naye huandika. Bwana Mtengeti alilifungua daftari lile mbele ya Jaji, akasoma kwa sauti yenye maringo kutoka ukurasa wowote uliojitokeza: "Vichwa mia mbili na kumi na vinne. Vimehesabiwa. Vimekula. Vimefungiwa." Akageuza ukurasa: "Vichwa mia mbili na kumi na vinne. Vimehesabiwa. Vimekula. Vimefungiwa." Aliendelea hivyo kwa robo saa, na hakuna aliyeweza kumkatiza, kwa sababu usomaji wake haukuwa na kosa lolote.

"Mheshimiwa Jaji," alisema hatimaye, "Serikali inaiheshimu ibara ya arobaini na moja kuliko inavyojiheshimu yenyewe. Kila mtu ana haki. Lakini hapa, kwa miaka tisa mfululizo, bila pingamizi la yeyote, hapajaandikwa mtu. Pameandikwa vichwa. Mtu yumo katika ngeli ya M-WA. Kichwa kimo katika ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti, kisu, kikombe na kibao. Mahakama hii ikianza kuvipa haki vitu vya ngeli hiyo, kesho kiti nacho kitakuja kuomba dirisha."

Palikuwa na minong'ono. Tunu, aliyekuwa peke yake bila wakili, alisimama akasema kwamba yeye hajui mambo ya ngeli, lakini huyo anayesemwa ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja, na mama yao hakuzaa kichwa.

Jaji Ndyanabo aliagiza maneno hayo yaandikwe. Kisha akasema kwamba hoja ya Serikali ni nzito na inahitaji mtaalamu, akaahirisha shauri kwa wiki tatu.

*

Mtaalamu alikuwa Profesa Mwinchande wa Baraza la Lugha, mzee msafi aliyekuja na vitabu vinne, akavipanga kwa ukubwa kabla ya kuapa. Nami nakiri kwamba ushahidi wake ulikuwa mzuri kupita somo lolote nililopata kulisikia, na huzuni yangu ni kwamba ulitolewa mahali pale.

Alieleza kwamba Bwana Mtengeti amesema kweli, lakini ameacha nusu. Yapo majina yenye umbo la KI-VI ambayo hata hivyo huchukua upatanisho wa watu: kijana amefika, kiziwi ameona, kiongozi ametuahidi. Haya hayafuati umbo lake, bali hufuata uhai. Akatoa mfano wa kifaru. Akiwa mbugani, kifaru amekwama. Kikiwa cha jeshi, kifaru kimekwama. Vivyo hivyo kiboko: akiwa mtoni amekasirika, kikiwa mkononi mwa Mlezi, kimekatika, kiletwe kingine.

"Kwa hiyo, Profesa," Jaji aliuliza, akiwa amesogea mbele kitini, "kichwa kinaweza kuwa mtu?"

"Kama ana uhai, Mheshimiwa, lugha haina kinyongo naye."

Tunu aliweka mikono yake miwili kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua zianze kwamba jambo jema lilisemwa juu ya kaka yake kwa sauti inayosikika.

Lakini Bwana Mtengeti alikuwa amekwisha kuinuka. Aliupokea ushahidi wa Profesa kwa mikono miwili, alisema, na Serikali inaukubali wote. Kilichobaki ni jambo dogo: ithibitishwe kwamba vichwa vya chumba namba nne vina uhai. Uthibitisho wa uhai, kwa sheria ya nchi, ni cheti cha daktari, na yeye binafsi atafurahi kuviona vyeti mia mbili na kumi na vinne vikiletwa.

Jaji aliona ombi hilo ni la haki. Akaagiza daktari aende.

Daktari wa Nyumba za Tafakuri alijibu kwa barua yenye heshima kubwa. Yuko tayari wakati wowote. Ila mwongozo wake unamruhusu kumhudumia mgonjwa tu; na mgonjwa, kwa tafsiri ya mwongozo, ni mtu mwenye maradhi. Kwa kuwa utu wa wahusika ungali unabishaniwa mahakamani, itakuwa ni kuingilia uhuru wa mahakama kwa yeye kuwapima kabla ya uamuzi. Akiletewa uamuzi kwamba ni watu, atawapima siku hiyo hiyo ili kuthibitisha kama ni watu.

Alhamisi iliyofuata Hemedi aliletwa kwenye waya ameshikwa makwapani na wenzake wawili, mmoja wao Sokolo. Tunu alimweleza mambo ya Profesa, kifaru na kiboko, akijitahidi kuyapamba. Hemedi alisikiliza amefumba macho. Kisha akamwomba Sokolo aseme kwa niaba yake, maana maneno matatu yalikuwa yamekuwa mawili. Sokolo aliinama kidogo.

"Dada, anakuuliza hilo dirisha litaanza lini. Anataka kujua kama aendelee kukopa zamu za wenzake au aziache. Hapendi kukopa asichoweza kurudisha."

"Mwambie aendelee kukopa," Tunu alisema. "Mwambie nimesema mimi."

*

Kwa kuwa daktari hakuweza kwenda, Jaji Ndyanabo aliamua kwenda mwenyewe. Nataka msomaji atambue uzito wa hatua hiyo: hakuna jaji aliyepata kuukanyaga uwanja wa Utulivu. Siku tatu kabla ya ziara, mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Vichwa mia na themanini vilihamishiwa kwenye shamba la mihogo, vikaambiwa vichuchumae mpaka mgeni aondoke. Na kwenye ukuta wa chumba namba nne, mahali lilipokuwa dirisha, palitundikwa pazia jipya la maua ya buluu.

Jaji aliingia Jumatatu asubuhi pamoja na karani wake, Bwana Mtengeti, na Afande Kilongola. Waliobaki thelathini na wanne walikuwa wameketi kwenye mikeka, wamenyolewa, wamevaa mashati yenye mikunjo ya kutoka ghalani. Hemedi aliachwa miongoni mwao kwa sababu hakuweza kutembea hadi shambani. Jaji alilitazama pazia kwa muda mrefu. Akasema ni zuri. Akauliza kama linaweza kufunguliwa ili apate mwanga zaidi wa kuandikia.

Afande Kilongola alisikitika. Pazia lilikuwa limeandikishwa katika daftari la mali jana yake tu, na mali isiyotimiza siku saba haisogezwi bila kibali cha makao makuu. Bwana Mtengeti alithibitisha kwamba ndiyo kanuni. Jaji aliandika kitu katika kitabu chake.

Ndipo Hemedi aliposema. Hakusimama, aliinua mkono kama mwanafunzi, kisha akasema maneno mawili mawili, akipumzika kila baada ya la pili, na chumba kizima kikamsubiri.

"Mheshimiwa Jaji. Nyuma yake... ni ukuta."

Karani wa mahakama alikuwa tayari na kalamu, lakini kalamu haikushuka. Alimnong'oneza Jaji, naye Jaji akakunja uso. Shida ilikuwa hii: akiandika "amesema", mahakama itakuwa imeamua shauri kabla ya hukumu. Akiandika "kimesema", itakuwa imeliamua vilevile, kwa upande wa pili. Hao wawili walisemezana kwa dakika kadhaa huku mabega ya Hemedi yakipanda na kushuka mbele yao. Hatimaye Jaji alipata njia, na uso wake mwema ukakunjuka. Aliagiza iandikwe: "Sauti ilisikika ikisema kwamba nyuma ya pazia ni ukuta."

Sauti haina ugomvi na ngeli yoyote. Bwana Mtengeti alimpongeza Jaji kwa busara hiyo, Afande Kilongola akamwonyesha njia ya kutokea, na uamuzi ukapangwa kutolewa Alhamisi.

*

Alhamisi Tunu alifika mahakamani mapema, amevaa gauni lake la sherehe. Alikuwa ameahirisha safari ya Utulivu mpaka mchana, ili aende na hukumu mkononi. Chini ya mkono alibeba kanga mpya, ya kuwa pazia la dirisha la kweli. Jumatatu alikuwa amesimama nje ya lango la Utulivu, akamwona Jaji alivyoondoka amejiinamia, na sasa alisema na jirani yake benchini kwamba mtu aliyeona kwa macho yake hawezi kukataa.

Kabla Jaji hajafungua jalada, Bwana Mtengeti aliinuka. Alikuwa na habari njema, alisema, na akaomba aitoe kwanza, kwa kuwa itaipunguzia mahakama kazi. Alishika ukosi wa joho.

"Mheshimiwa Jaji, Serikali haioni aibu kukubali ukweli unapojitokeza. Tuliomba uthibitisho wa uhai. Uthibitisho umepatikana, tena ni ule usiopingika, kwa maana kitu kisicho na uhai hakiwezi kuupoteza. Juzi Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya chumba namba nne, mwombaji Hemedi Mshangama amefariki. Kwa hiyo Serikali inakiri, bila masharti, kwamba mwombaji alikuwa mtu."

Akaketi. Alikuwa ametumia upatanisho ulio sahihi, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa.

Tunu hakulia, wala hakuanguka. Alisimama, akaiweka kanga benchini taratibu, akauliza swali ambalo hakuna mtu mle ndani aliyelielewa.

"Ilikuwa zamu ya nani?"

Jaji alimtazama Bwana Mtengeti, Bwana Mtengeti akamtazama Afande Kilongola, na Afande Kilongola akatazama dari. Karani aliuliza kama swali hilo ni sehemu ya mwenendo wa shauri. Jaji alisema liandikwe.

Kisha akasoma uamuzi, naye alilazimika kuvua miwani mara mbili. Mahakama ilitamka kwamba Hemedi Mshangama alikuwa mtu tangu kuzaliwa kwake hadi Jumanne saa nne asubuhi, mwenye haki zote za ibara ya arobaini na moja, ikiwemo haki ya dirisha. Kwa kuwa sasa hana haja ya hewa, amri ya kumpatia hewa haina mtu wa kumlenga. Kuhusu vichwa mia mbili na kumi na vitatu vilivyosalia, mahakama haina mbele yake uthibitisho wa uhai. Bwana Mtengeti aliahidi kwamba Serikali haitaficha uthibitisho wa namna hiyo kila utakapojitokeza. Jaji alimshukuru, jalada likafungwa.

*

Walimzika Hemedi Ijumaa. Alhamisi iliyofuata Tunu alikwenda Utulivu kama kawaida, ingawa hakuwa na wa kumtembelea. Mlezi wa lango alimwuliza anamtaka nani. Akamtaja Sokolo.

Nyapara alikuja kwenye waya akiwa amekonda. Alimpa pole, na salamu za chumba kizima. Alimwambia kwamba Jumanne ile zamu ilikuwa ya Hemedi mwenyewe, si ya kukopa. Alikuwa kwenye upenyo, na wenzake walikuwa wamemhesabia mpaka mia nne, maradufu ya haki yake, kisha wakaendelea kuhesabu.

Tunu aliinamisha kichwa. Mlezi alipita katikati ya waya akitazama saa.

"Dada, hukumu tumeisikia," Sokolo alisema. "Tunaambiwa mtu akifa ndipo anakuwa mtu. Sasa sisi tufanyeje?"

Tunu alitoa daftari lake la vipimo, lile lenye urefu wa mikono na upana wa mabega ya watoto wa shule, akafungua ukurasa mtupu.

"Nitajie majina. Anza na anayekohoa zaidi."

Sokolo aliyajua yote mia mbili na kumi na matatu, kwa kuwa ndiye aliyepanga zamu. Alianza kuyataja. Dakika tano zilipokaribia kwisha alikuwa amefika jina la ishirini na sita, na hapo mama mmoja aliyekuja kumwona mwanawe akasema kwamba dakika zake tano atazitumia kumsikiliza nyapara huyo huyo. Akafuata mwingine. Wanawake wa mstari mzima wa wageni walipokezana kalamu na daftari, na Mlezi, ambaye kanuni yake ilimtaka kuhesabu dakika na si majina, hakupata kifungu cha kuwazuia. Mbele ya kila jina Tunu alikuwa ameelekeza liandikwe neno moja tu, neno lenye upatanisho wake kamili: anapumua.

Jumatatu aliyapeleka maombi mapya masjala ya mahakama. Karani aliyakagua ukurasa kwa ukurasa, kwa heshima, maana hati ilikuwa safi. Kisha akaweka kidole chini ya neno lile. Alieleza kwamba "anapumua" ni wakati uliopo. Maombi yaliandikwa Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Mhuri wa leo hauwezi kuthibitisha pumzi ya Alhamisi. Hakuwa akimkatalia. Alimtaka tu arudi akahakikishe kama neno lile bado ni kweli kwa kila jina, kisha aje kabla ya masjala kufungwa.

Tunu hakubishana. Alirudi Utulivu kwa miguu, daftari likiwa kwapani, akafika langoni jua likiwa kali. Mlezi wa lango alikuwa kijana mpya, kalamu sikioni, Daftari la Hesabu la asubuhi likiwa wazi mbele yake.

"Afande, naomba kujua," Tunu alisema. "Chumba namba nne, leo wapo wangapi?"

"Vichwa?"

"Watu."

Mlezi alitazama nyuma yake, ofisini, mahali aliposikia viatu vya Afande Kilongola vikitembea. Akalisoma daftari kwa kidole, taratibu, kisha akajibu kwa sauti ya chini ili asisikike na mwingine.

"Watu mia mbili na wanane."